Kreni ya tani 50 haibebi tani 50 popote

Meli kubwa sasa zinafunga gatini bandarini Tanga badala ya kushusha kwenye matishari kule nje, na vijana wengi wanaulizia kazi ya kreni. Kabla hawajashika usukani, kuna maneno ya kijiweni ya kuwatoa kichwani.

"Imeandikwa tani 50, basi inabeba tani 50."

Hili ndilo la hatari kuliko yote. Namba ile ya ubavuni ni uwezo wa juu kabisa, mzigo ukiwa karibu mno na kreni. Mkono wa kreni ukilala, mzigo unakwenda mbali na uwezo unashuka vibaya sana. Tani 6 zikiwa mita 5 kutoka katikati ya kreni zinaivuta ianguke kwa nguvu ya tani-mita 30. Zipeleke mita 15, inakuwa 90, na mzigo ni uleule! Kwa hiyo pima umbali kwa tepu, soma chati ya kreni hiyohiyo inayoonyesha uwezo kwa kila umbali, kisha toa humo uzito wa kulabu na minyororo, maana navyo vinaning'inia.

"Mkanda wa kunyanyulia mzigo ukifika, unatosha."

Pembe ndiyo inayoamua. Tani 10 kwenye mikanda miwili iliyosimama wima, kila mmoja unabeba 5. Ikilala mpaka nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unavutwa kwa tani 10 nzima. Tumia mikanda mirefu zaidi, pembe ifike 60. Na kona kali za chuma ziwekee kinga, la sivyo zitakata mikanda.

"Kengele italia."

Kengele ya kuonya kuwa mzigo umezidi inategemea vipimo ulivyoiingizia. Ukikosea, inakaa kimya. Wala haioni mtaro uliofukiwa chini ya mguu wa kreni. Tandika mbao nene na pana.

"Kuburuta kidogo pembeni si neno."

Mkono umeundwa kubeba uzito unaoning'inia wima. Ukivutwa ubavuni unapinda, na mkono uliopinda haunyooshwi kwa nyundo.

"Waya una grisi, basi ni mzima."

Hapa pwani chumvi inaula waya toka ndani, na grisi inaficha nyuzi zilizokatika. Simamisha mashine, pangusa kwa tambara, ukague hasa sehemu inayozunguka kwenye roda. Ukikuta nyuzi zimekatika nyingi kuliko mtengenezaji anavyoruhusu, unene umepungua au kutu imetoboa, waya huo unatolewa siku hiyohiyo, hata kama meli inasubiri.