Je, wajua kwa nini Wasumeri waliandika mkataba mmoja mara mbili?

Mtu aliyekopa shayiri mjini Ur au Girsu, kusini mwa Iraki ya leo, yapata mwaka 2050 KK, aliandikiwa deni lake kwenye kibao cha udongo kinachoenea kiganjani. Mara nyingi kibao hicho kilivishwa bahasha, nayo ya udongo, na maneno yaleyale yakarudiwa juu yake.

Sababu ni udongo wenyewe. Vibao vingi havikuchomwa tanuruni, vilianikwa tu. Ukikilowesha kibao cha namna hiyo, uso unalainika, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kufuta tarakimu au kuongeza kabari moja, yaani alama ya mwandiko wao. Na riba haikuwa ndogo: kwa kawaida aliyekopa sila 300 za shayiri (sila moja ni kama lita moja) alirudisha 400. Kwa mkopo wa madini ya fedha, riba ya kawaida ilikuwa asilimia 20.

Karani, aliyeitwa dubsar, alikanda udongo, akaandika ungali mbichi kwa kukandamiza ncha ya tete. Kibao kiliachwa kikauke kwanza ndipo kifunikwe. Kikifunikwa kingali kibichi, hugandana na bahasha na maandishi yakaharibika. Kikikauka kabisa, chenyewe hakisinyai tena, ilhali bahasha inasinyaa ikikauka, hivyo huweza kupasuka. Ndiyo maana tabaka la nje lilifanywa jembamba.

Kisha mdaiwa alibiringisha muhuri wake juu ya bahasha. Muhuri ulikuwa jiwe la umbo la pipa dogo, urefu wa sentimita 2 au 3, mara nyingi lenye jina lake, la baba yake na kazi yake. Neno kishib lilimaanisha muhuri, na pia kibao kilichopigwa muhuri.

Ugomvi ukizuka, bahasha ilivunjwa na maandishi ya ndani yakalinganishwa na ya nje. Hapo ndipo penye akili ya mbinu hii: bahasha iliyovunjwa hairudishiki. Atakayetaka kufinyanga nyingine lazima aupate tena muhuri wa mdaiwa.

Hukumu za mahakama za Girsu nazo ziliandikwa kwenye vibao, vikianza na neno ditila, yaani "kesi imekwisha", pamoja na viapo na majina ya mashahidi.

Baadhi ya bahasha hazikuvunjwa kamwe. Siku hizi wataalamu huzipiga picha kwa mashine ya CT, inayoonyesha kilichomo ndani kwa eksirei, wakasoma kibao kikiwa bado ndani.