Je, wajua? Tiva wa Bulo Burti alikuwa spishi mwaka 1991, na mwaka 2008 hakuwa tena

Mwaka 1991 jarida la Ibis la Uingereza lilitangaza spishi mpya ya ndege kutoka Somalia, Laniarius liberatus, yaani tiva wa Bulo Burti. Mwaka 2008 uchunguzi mwingine ulisema kwamba spishi hiyo haikuwahi kuwapo. Ndege mwenyewe hakuwa wa kubuni: alionekana, akakamatwa, akatolewa damu, kisha akaachiliwa. Spishi inawezaje kukaa kwenye orodha kwa miaka 17, halafu ikaondolewa bila hata ndege mmoja kufa?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu, na niliwahi kulisimulia mbele za watu bila kusitasita: wataalamu wa 1991 walidanganywa na rangi kwa sababu hawakuwa na kipimo cha DNA, na wale wa 2008 walikuwa nacho. Jibu hilo ni tamu, tena linakaa vizuri mdomoni, ila si kweli. DNA ilikuwamo tangu mwanzo. Makala ya 1991 ilitamka katika kichwa chake kwamba spishi hiyo imethibitishwa kwa DNA ya ndege pekee anayejulikana, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kabisa katika fani ya ndege. Zaidi ya hayo, Jon Fjeldså, mmoja wa walioandika makala ya kwanza, yumo pia miongoni mwa walioandika ile ya pili. Kwa hiyo hatuna hapa wajinga wa jana na werevu wa leo. Tuna mtaalamu aliyekuwamo pande zote mbili, kipimo cha aina ileile na ndege yuleyule, lakini majibu mawili yanayopingana, na hilo ndilo linalohitaji maelezo.

Kwanza tumjue mhusika. Tiva ni ndege wa vichakani, mkubwa kidogo kuliko shore, na wengi wa Afrika ya Mashariki ni weusi mgongoni na weupe tumboni. Hujulikana kwa sauti kuliko kwa sura: mmoja huanza na mwenzi wake humalizia bila pengo, hata msikilizaji akadhani anasikia ndege mmoja. (Mimi nami nilidhani hivyo, lakini tushike kosa moja kwa wakati mmoja.) Mwaka 1988 tiva asiye wa kawaida alionekana katika viwanja vya hospitali ya Bulo Burti, mji ulio kando ya mto Shabelle katikati ya Somalia. Alikuwa na weusi na weupe kama jamaa zake, lakini alikuwa pia na umanjano usiolingana na maelezo ya tiva yeyote wa eneo hilo. Alikamatwa mwaka uliofuata, akatunzwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwaka 1990 akaachiliwa nchini humohumo, kwa hoja kwamba kama aina yake ni adimu kiasi hicho, kumuua ili akaushwe na kuwekwa makumbusho kungekuwa hasara. Ndiyo maana akaitwa liberatus, neno la Kilatini lenye maana ya aliyeachwa huru.

Rangi ilikuwa na sehemu yake katika mkanganyiko huu, ingawa si ile niliyoipa. Rangi ya manyoya ni ushahidi, lakini ni ushahidi mwepesi. Kila anayefuga kuku wa kienyeji amemwona koo mmoja akitembea na vifaranga weusi, weupe na wa madoadoa, na hakuna anayesema kwamba ameangua spishi tatu. Porini hali ni hiyohiyo kwa ndege kadhaa: batabukini wa theluji wa Amerika ya Kaskazini wana sura mbili, nyeupe na ya kijivu kilichokolea, na tofauti hiyo imefuatiliwa hadi kwenye jeni moja iitwayo MC1R. Rangi ya manjano nayo, kwa ndege wengi, hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili zitokazo kwenye mimea, ambazo mwili wa ndege hauziundi bali huzipata katika chakula. Nisieleweke vibaya: hakuna aliyeonyesha kwamba umanjano wa tiva wa Bulo Burti ulitokana na chakula au na jeni fulani. Ni vigumu kuonyesha hivyo kwa ndege mmoja.

Sasa tuje kwenye DNA, ambako kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Nilifikiri kwamba DNA ya ndege humtaja ndege huyo kwa jina, kama kitambulisho kinavyomtaja mwenye nacho. Haifanyi hivyo, inalinganishwa tu. Mfano ulio karibu nasi ni tenzi za zamani za Lamu na Pate, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono. Kila mnakili huacha kosa lake hapa na pale, na anayenakili kutoka kwake hulirithi kosa hilo na kuongeza lake mwenyewe. Mtafiti akikuta nakala mbili zimekosea neno lilelile katika ubeti uleule, ana haki ya kushuku kwamba zimetoka kwenye nakala moja mama. DNA husomwa hivyohivyo: herufi zinazobadilika kizazi hadi kizazi ndizo makosa ya mnakili, na wanaoshiriki makosa mengi ni ndugu wa karibu. Rangi ya ndege, katika mfano huu, ni jalada la kitabu.

Sasa mpe mtafiti huyo nakala ngeni, lakini kabatini mwake mna nakala chache tu za kulinganishia, na ile iliyo pacha ya nakala ngeni imo katika nyumba ambayo hajaifikia. Atasoma kwa uangalifu wote, hatakosea hata herufi moja, na bado atahitimisha kwamba ameshika nakala ya ukoo usiojulikana. Hesabu yake ni sahihi. Kabati lake ndilo lenye upungufu.

Mwaka 1991 kilichosomwa kilikuwa kipande kifupi cha DNA ya mitokondria, yaani ile iliyo katika sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, nacho kikalinganishwa na jamaa wachache. Aidha, wakati huo tiva wengi weusi na weupe, kutoka Afrika ya Magharibi hadi Pwani yetu na Somalia, walihesabiwa kuwa spishi moja, Laniarius aethiopicus, kwa hiyo kumchukua mmoja wao awawakilishe wote kungeonekana kuwa jambo la busara. Nguembock na wenzake, walioandika makala ile ya pili, walipopanua ulinganisho mwaka 2008, waliona kwamba tiva hao si tawi moja. Tiva wa pwani ya Kenya na Tanzania sasa huhesabiwa peke yake kwa jina la sublacteus, wa bara akaitwa major, wa Ethiopia akabaki na jina la aethiopicus, na wa Somalia wakati ule akaitwa erlangeri. Ndani ya kundi hilo la Somalia ndimo tiva wa Bulo Burti alimoangukia. Uchunguzi uleule uliofuta spishi moja ulichangia kuzaliwa kwa spishi nyingine kadhaa, na sijui kisa kingine kinachoonyesha mambo yote mawili kwa pamoja hivi.

Tahadhari moja inafaa hapa. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo ikitumiwa peke yake haiwezi kumtambua chotara ambaye baba yake alitoka kwingine.

Ubishi mwingine ulihusu mwili. Kwa desturi, spishi mpya hutangazwa pamoja na ndege aliyekaushwa, ili mwenye shaka aende akamtazame. Waliopinga walisema kwamba jina lisilo na mzoga halina mahali pa kukaguliwa. Waliotetea wakajibu kwamba damu na manyoya yaliyopukutika yanatosha. Kwa maoni yangu, kila upande ulipata nusu: damu ndiyo iliyowezesha kosa kugunduliwa, lakini umanjano wa ndege mzima, uliozua habari yote, hauwezi tena kupimwa.

Lilibaki suala la jina. Kanuni ya majina ya wanyama ni kwamba majina mawili yakionekana kuwa ya spishi moja, lililotangulia ndilo linalotumika. Erlangeri lilitolewa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo liberatus likawa kisawe tu. Hata hivyo jina hilo halikufutwa, na neno hilo nililitumia vibaya kila niliposimulia kisa hiki. Bado limo katika kumbukumbu: hakuna anayeruhusiwa kumpa tiva mwingine jina la Laniarius liberatus, na kama siku moja ndege wa pili mwenye umanjano ule atapatikana vichakani kando ya Shabelle, na ikadhihirika kwamba kweli ni spishi ya peke yake, jina lake liko tayari.