Kishoka mwenye suti

Vijana wanaokuja ofisini kwetu hapa Arusha kwa mafunzo ya vitendo huwa wameshamaliza misimu yote tisa ya Suits, na swali lao halibadiliki: Mike Ross, na akili zote zile, kosa lake ni nini kama kesi anashinda?

Kwa ambaye hajaiona, tamthilia hii ya Marekani ilianza 2011. Harvey Specter, wakili wa makampuni New York, anamwajiri Mike kama wakili huku akijua hana shahada ya sheria.

Huku kwetu huyo ni kishoka, yaani wakili bandia, awe anawaandikia watu nyaraka kwenye steshenari jirani na mahakama au amekaa ghorofani kwenye kiyoyozi. Anayeumia ni mteja. Katika Mbogoro dhidi ya Nchimbi, Rufaa ya Madai Na. 140 ya 2006, Mahakama ya Rufani ilisema wakili anayefanya kazi bila leseni hai anavunja sheria, na alichokifanya hakina nguvu kisheria. Hapo tunazungumzia mtu aliyeapishwa, leseni tu haijahuishwa! Sembuse ambaye hajaapishwa kabisa. Hoja yako iwe nzuri vipi, nyaraka inatupwa, na ukitaka kufungua upya unaweza kukuta muda umeshapita.

Ila mimi ananikera zaidi Harvey. Watazamaji wanamsifu kwa kutunza siri ya Mike, kana kwamba ni siri ya wakili na mteja. Siyo hata kidogo. Siri ya wakili na mteja ni ya mteja, na mteja ndiye mwenye ruhusa ya kuifungua. Sheria yetu ya Ushahidi inamzuia wakili kutoa aliyoambiwa na mteja wake kikazi, lakini haimkingi kwa mazungumzo ya kutimiza jambo haramu. Na Mike aliajiriwa tu pale. Mteja ni yule aliyelipa ada, na ndiye aliyefichwa.

 

Mwishoni mwa msimu wa tano Mike anakiri kosa na kwenda gerezani. Harvey anaendelea na uwakili wake. Hapa Tanzania angeweza kuitwa mbele ya Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumfuta kwenye daftari la mawakili, na mimi nisingependa kupewa kazi ya kumtetea.