Waranti za benki zinavyoisukuma bei ya hisa

Waranti inayotolewa na benki ni haki inayouzwa. Unalipa fedha kidogo leo, na bei ya hisa fulani ikivuka kiwango kilichowekwa kufikia siku ya ukomo, unalipwa tofauti. Kampuni yenye hisa haihusiki: haitoi hisa mpya, haipokei hata senti. Kwenye soko la Hong Kong, ambako biashara hii ni kubwa sana, malipo yenyewe ni fedha taslimu. Basi bei ya hisa itaguswaje? Itaguswa kupitia benki iliyouza.

Mfikirie dalali wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Amewauzia akina mama wa sokoni Mwanga ahadi kwamba mwezi ujao watapata gunia kwa bei ya leo. Bei ikipanda, hasara ni yake. Kwa hiyo hangoji mwezi ujao. Anaanza kununua sasa na kujaza ghala. Magunia yanapungua ufukweni na bei inapanda leo hii, ingawa walaji hawajaongezeka.

Benki hujikinga vivyo hivyo, ila hesabu yake hubadilika kila siku. Tuseme wateja wanashikilia waranti za kununulia, yaani zile zinazolipa bei ikipanda juu ya kiwango, zinazowakilisha hisa 1,000,000. Benki hainunui zote. Kipimo kiitwacho delta, kinachoonyesha thamani ya waranti inasogea kiasi gani bei ya hisa inaposogea, kikiwa 0.5, inashika hisa 500,000. Bei ikipanda na delta ikafika 0.7, inaongeza 200,000. Kisha bei ikianguka na delta ikashuka kutoka 0.7 hadi 0.3, inauza 400,000. Hapa ndipo penye uzito: inanunua wakati bei inapanda na kuuza wakati inashuka, hivyo inaisukuma bei kule kule inakoelekea. Waranti za kuuzia, zinazolipa bei ikishuka chini ya kiwango, nazo zina tabia hiyo, kwa sababu benki huuza hisa za kuazima, na huuza zaidi kadiri bei inavyoshuka.

Msukumo huu hautoshi kutikisa kila hisa. Kampuni kubwa ambayo hisa zake zinauzwa kwa wingi kila siku huumeza bila shida. Yenye hisa chache sokoni huyumba. Tena benki inaweza kujikinga kwa mikataba mingine bila kugusa hisa.

Ukomo ukikaribia na bei ikizungukazunguka kwenye kiwango cha waranti, delta huruka kutoka karibu 0 hadi karibu 1 kwa badiliko dogo tu. Hong Kong hukokotoa malipo ya waranti za hisa kwa wastani wa bei za kufunga za siku 5 za biashara kabla ya ukomo, na nadhani ni utaratibu mzuri: benki hupunguza akiba yake polepole, na si rahisi mtu kuivuta bei dakika ya mwisho.

Aliye Kigoma na hisa za CRDB au NMB kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam atafute sababu nyingine bei inaporuka, maana waranti hizi hazimo humo. Anayefuatilia Hong Kong alinganishe waranti zilizo mikononi mwa watu, si zote zilizotolewa, na hisa zinazouzwa kwa siku.