Je, wajua? Kwa nini gari la umeme linaweza kurudi nyuma kwa kasi ya kilomita 275 kwa saa

Mwaka 2023, kwenye uwanja wa majaribio wa Papenburg nchini Ujerumani, gari la kifahari la umeme liitwalo Rimac Nevera, linalotengenezwa Kroatia, lilikimbia kinyumenyume kwa kasi ya kilomita 275.74 kwa saa. Dereva ameketi kama kawaida, uso mbele, huku barabara ikimkimbia na mkia wa gari ukitangulia. Rekodi hiyo ikaingia Guinness. Iliyokuwepo kabla yake ilikuwa kilomita 165 kwa saa, iliyowekwa mwaka 2001 na gari dogo la petroli, Caterham 7 Fireblade.

Iliwezekanaje?

Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa na jibu tayari: wahandisi walitengeneza gia maalumu ya rivasi, imara na ndefu kuliko za kawaida. Nililiamini kabisa, maana kila gari nililolijua lilikuwa na rivasi ndani ya giaboksi. Nilikosea. Nevera haina gia ya rivasi ya aina yoyote, na nadhani inafaa kueleza kwa nini wazo hilo linatukaa kichwani, kwa sababu limetokana na tabia ya injini ya petroli ambayo tumeizoea hadi tunaiona ni tabia ya magari yote.

Injini ya petroli huzunguka upande mmoja tu. Valvu ya kuingiza hewa hufunguka pistoni inapoanza kushuka, cheche huruka pistoni inapokaribia kufika juu, valvu ya moshi hufuata kwa zamu yake. Mpangilio huo umefungwa kwa mnyororo au mkanda, na hauwezi kusomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Basi ili gari lirudi nyuma, lazima pawe na kitu kati ya injini na magurudumu cha kugeuza mwelekeo. Kwenye giaboksi ya mkono, kitu hicho ni gia ndogo ya tatu. Chukua gia mbili zilizoumana meno: ya kwanza ikizunguka kulia, ya pili itazunguka kushoto. Chomeka ya tatu katikati yao, na ile ya mwisho sasa inazunguka kulia kama ya kwanza. Hiyo ndiyo rivasi. Mara nyingi meno yake hukatwa yakiwa yamenyooka, hayalazwi kama ya gia nyingine, na ndiyo maana gari likirudi nyuma husikika likilia kwa sauti nyembamba. Ukali wake unakaribiana na wa gia namba moja, kwa hiyo injini huishiwa mizunguko mapema, gari likiwa bado halijaenda kasi ya maana.

Kilichonipoteza zaidi ni herufi R. Ipo kwenye gari la umeme pia, pale pale kwenye swichi ya kuchagulia mwendo, nami nikadhani nyuma ya herufi kuna chuma. Kumbe ni ombi tu, linalopelekwa kwenye kifaa kiitwacho inveta.

Tuangalie ndani ya mota. Kuna mzingo wa nje usiosogea, uliosukwa nyaya za shaba, na katikati yake kuna rota yenye sumaku. Nyaya zile zimegawanywa makundi matatu, na umeme hauyapigi yote kwa nguvu sawa kwa wakati mmoja; unapokezana. Fikiria mashabiki waliojaa uwanja wa mpira wakifanya wimbi. Jukwaa la kwanza linainuka na kuketi, la pili linapokea, la tatu linapokea, kisha la kwanza tena. Hakuna shabiki aliyehama kiti chake, lakini wimbi limeuzunguka uwanja mzima. Nguvu ya sumaku ndani ya mota huzunguka namna hiyo hiyo, na rota huivutikia na kuifuata.

Sasa yaambie majukwaa mawili yabadilishane zamu. Badala ya moja, mbili, tatu, wimbi linakwenda moja, tatu, mbili. Watu ni wale wale, viti ni vile vile, kelele ni ile ile, ila wimbi limegeuka na linazunguka upande wa pili. Rota nayo inageuka. Inveta ndiyo inayopanga zamu hizo, ikiwasha na kuzima swichi zake maelfu ya mara kila sekunde, na kwake kubadilisha zamu hakuhitaji kusogeza hata kipande kimoja cha chuma. Mota haina mbele wala nyuma. Mbele ni upande ambao sisi tumeamua kuweka taa kubwa.

Kwa hiyo kinachoizuia Nevera kurudi nyuma kwa kilomita 412 kwa saa, ambayo ndiyo kasi yake ya juu ikienda mbele, si mota. Ni mambo mawili mengine. Gari likirudi nyuma, magurudumu yanayokata kona yanakuwa upande wa mwisho, kama kwenye foko ya kubebea mizigo, na usukani ukisogezwa kidogo gari linayumba sana. Tena bodi imechongwa ili hewa ya mbele iligandamize gari chini. Hewa ikitoka upande wa pili, umbo lile lile haliahidi kugandamiza.

Wimbi hilo hilo ndilo linaloeleza kuchomoka kwa magari haya. Injini ya petroli lazima iwe inazunguka tayari ndipo itoe nguvu. Mota hutoa msukumo wake mkubwa kabisa ikiwa imesimama. Mwaka 2023 Nevera ilitoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 1.81. Hata dereva wa gari hili bado tutasema amekanyaga mafuta, na sioni haja ya kulibadilisha neno.

Wala si jambo jipya. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme: La Jamais Contente, lililoendeshwa na Camille Jenatzy karibu na Paris mwaka 1899.

Hapa lakini tahadhari zinahitajika. Mota ni mwepesi wa kutoa nguvu, betri ndiyo inayochoka. Nevera ina nguvu za farasi 1,914, yaani takriban megawati 1.4, na betri ya kilowati-saa 120. Ukigawanya, nguvu yote ikitumika mfululizo betri inakauka kwa dakika tano hivi, na joto litaibana kabla ya hapo. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili ndani ya waya, joto huongezeka mara nne. Ndiyo sababu Porsche Taycan ya mwaka 2019 ilipandisha volti hadi 800, ili nguvu ile ile ipite kwa mkondo mdogo zaidi. Na kuna uzito. Kilowati-saa 120 ni nishati iliyomo katika lita 13 au 14 za petroli, mafuta ambayo mtu anayabeba kwa mkono mmoja, wakati betri yenyewe ina mamia ya kilo. Mota hupunguza pengo kwa kutumia sehemu kubwa ya nishati yake, tofauti na injini ambayo hupoteza zaidi ya nusu kama joto, lakini pengo halifutiki. Gari lina zaidi ya tani mbili, na kila kona inaukumbusha mwili wa dereva uzito huo.

Hata rekodi za kasi ya juu zisomwe kwa makini. Septemba 2025 gari la umeme la China, Yangwang U9 Xtreme, lilifika kilomita 496.22 kwa saa hapo hapo Papenburg, likaipita Bugatti ya petroli iliyofika 490.484 mwaka 2019. Zote mbili zilipimwa zikienda upande mmoja tu, wakati utaratibu unaoheshimiwa zaidi ni kupima kwenda na kurudi, kisha kuchukua wastani.

Hata hivyo kasi imeacha kuwa siri ya makarakana machache ya Ulaya. Atakayepata mota nzuri, inveta nzuri na betri nzuri ataipata. Basi magari ya kifahari yatauza nini? Mate Rimac, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza Nevera, alisema hadharani mwaka 2024 kwamba wanunuzi wa magari ya daraja hilo hawavutiwi sana na umeme mtupu. Mwaka huo huo kampuni anayoiongoza, Bugatti Rimac, ilizindua Tourbillon, yenye injini ya petroli ya silinda 16 isiyo na tabo, ikisaidiwa na mota tatu. Ferrari, ilipoonyesha mitambo ya gari lake la kwanza la umeme Oktoba 2025, ilieleza kwamba kifaa kwenye ekseli ya nyuma kitanasa mtetemo halisi wa mota na kuukuza, kama gitaa la umeme linavyokuza mtetemo wa waya. Mimi naipenda njia hiyo kuliko kupiga rekodi ya injini kwenye spika, kwa sababu sauti inayosikika ni ya kitu kinachozunguka kweli.

Lakini kinachonivutia zaidi kinarudi kwenye lile wimbi. Ukiweka mota moja kwa kila gurudumu, kila gurudumu linapata zamu zake lenyewe. Kompyuta inaweza kusukuma la nje zaidi kwenye kona na kulizuia la ndani, mara nyingi ndani ya sekunde moja, jambo ambalo gia na shafti haziwezi kulifanya kwa wepesi huo. Mercedes-Benz iliuza wazo hilo mwaka 2024 kwenye G 580, jipu la kifahari lenye mota nne. Kwenye ardhi tifutifu dereva anabonyeza kitufe, anavuta kidude kilicho kwenye usukani, na magurudumu ya kushoto yanazunguka kwenda mbele huku ya kulia yakizunguka kurudi nyuma. Gari lenye uzito wa tani tatu linajigeuza pale pale lilipo, kama pia.