Ufadhili wa utoaji chanjo: fedha za dozi na fedha za kuifikisha kwa mtoto

Ufadhili wa utoaji chanjo ni mpangilio wote wa fedha unaomwezesha mtoto kuchanjwa katika wiki aliyopangiwa: nani analipa, analipia nini, na fedha zinafika lini mahali zinapotumika. Neno "utoaji" ndilo lenye uzito. Dozi iliyolala kwenye friji ya bohari ya taifa imeshalipiwa, lakini haijamkinga mtoto yeyote. Kati ya bohari hiyo na paja la mtoto kuna gari, mafuta, barafu, umeme au gesi, muuguzi anayelipwa mshahara, bomba la sindano, kisanduku cha kutupia sindano, daftari na kadi. Kila kimoja kina mlipaji wake, na mara nyingi walipaji hao hawakai meza moja.

Nchi zenye kipato kidogo zimejengewa utaratibu imara wa kununua dozi. Utaratibu wa kulipia safari ya dozi hizo haujapata nguvu kama hiyo, na huko ndiko programu nyingi zinakokwama.

Dozi zinavyonunuliwa

Tangu mwaka 2000, muungano wa chanjo wa Gavi umekuwa mlipaji mkubwa wa chanjo mpya katika nchi maskini. Ununuzi wenyewe hufanywa na UNICEF kupitia kitengo chake cha ugavi kilichoko Copenhagen. Mahitaji ya nchi nyingi yakiunganishwa kuwa oda moja kubwa, mtengenezaji hukubali bei ambayo nchi moja ndogo isingeipata peke yake. Sehemu ya fedha za Gavi hutokana na hati fungani za chanjo zilizoanza mwaka 2006: nchi wahisani huahidi kulipa kwa miaka mingi, ahadi hizo zikawa dhamana ya kukopa kwenye masoko ya mitaji, na fedha zikapatikana sasa badala ya kusubiriwa.

Gavi haigharamii kila chanjo. BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio, kwa mfano, haziko kwenye ununuzi wake, kwa hiyo serikali hulipa yenyewe au hutafuta mfadhili mwingine. Hizi ni chanjo za bei ya chini sana. Hata hivyo nchi inaweza kuwa na chanjo ya nimonia ya kutosha, iliyo ghali zaidi, huku watoto wachanga wakirudishwa nyumbani bila BCG kwa sababu fungu la serikali halikutoka.

Kiasi cha kununua hukokotolewa hivi. Tuseme eneo lina watoto 40,000 wanaofikisha umri wa kuchanjwa kila mwaka, na lengo ni kuwafikia asilimia 95. Chanjo ya penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, hutolewa mara tatu: 40,000 × 3 × 0.95 ni sindano 114,000. Kikitarajiwa kiwango cha upotevu cha asilimia 10, gawanya kwa 0.9, upate dozi takribani 126,700. Mwaka wa kwanza huongezwa akiba ya asilimia 25, hesabu ikafika kama 158,000.

Sasa tazama surua-rubela, ambayo hutolewa mara mbili tu. Sindano ni 76,000. Lakini chanjo hii ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na kichupa cha dozi 10 kikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa 6 au kliniki inapokwisha, lolote litakalotangulia. Kwa sababu hiyo upotevu wake hupangiwa asilimia 40: gawanya kwa 0.6, upate dozi karibu 126,700. Sindano ni chache kwa theluthi moja, dozi za kununua ni zilezile. Penta ni ya maji, na kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikihifadhiwa kwenye baridi na masharti mengine yakitimizwa.

Hesabu hii humfikia muuguzi moja kwa moja. Wamekuja watoto watatu wa kuchanjwa surua, kichupa kina dozi 10. Akikifungua anatupa dozi saba, na mkaguzi atamuuliza. Asipokifungua, mama mmoja kati ya hao watatu huenda asirudi. Mwongozo sahihi ni kufungua, hata kwa mtoto mmoja, na bajeti iliyoweka asilimia 40 imeshalipia uamuzi huo. Bajeti iliyobana upotevu ili ionekane nafuu humsukuma muuguzi kuwarudisha watoto nyumbani. Vichupa vya dozi 5 hupunguza tatizo, ila bei ya kila dozi hupanda na nafasi inayohitajika kwenye friji huongezeka.

Ufadhili mwenza

Ufadhili mwenza ni sharti kwamba nchi inayosaidiwa na Gavi nayo ichangie ununuzi wa chanjo kutoka hazina yake. Utaratibu huu ulianza kutumika mwaka 2008. Kwa kanuni zilizotumika hadi mwaka 2025, nchi zenye kipato cha chini zaidi zilichangia senti 20 za dola ya Marekani kwa dozi. Kipato kikipanda kidogo, mchango huongezeka kwa asilimia 15 kila mwaka. Nchi ikivuka kikomo cha kipato kwa kila mwananchi, mchango hupandishwa hatua kwa hatua hadi kufikia bei yote. Kipindi hicho cha mwisho kilikuwa miaka 5, kikaongezwa kuwa 8.

Ukikipima kwa mfano, kishindo chake kinaonekana. Chukua dozi ya dola 3. Nchi inaanza kwa senti 20. Ikipanda asilimia 15 kwa mwaka, baada ya miaka mitano inalipa kama senti 40. Kisha inavuka kikomo, na ndani ya miaka 8 inatakiwa kutoka senti 40 hadi dola 3. Hiyo ni nyongeza ya senti 32 au 33 kila mwaka. Yaani kila mwaka mpya unadai nyongeza inayokaribia kiasi chote ilichokuwa ikilipa kabla ya kipindi hicho. Watoto nao wanazidi kuzaliwa, na kila chanjo mpya inayoingizwa kwenye ratiba huja na mchango wake. Wizara ya fedha ambayo haikuoneshwa mpando huu mapema hushtuka, na mshtuko huo huishia kwenye malipo yaliyochelewa.

Tena wakati huohuo misaada ya Gavi ya kuimarisha mifumo, inayolipia usimamizi, mafunzo na vifaa vya mnyororo baridi (friji na makasha ya kuitunza chanjo kwenye baridi njia nzima), nayo hupungua. Nchi hubebeshwa gharama za dozi na za utoaji kwa pamoja.

Fedha ipo, lakini haijafika

Kosa linalojirudia ni kuhesabu fedha zilizoidhinishwa na bunge kana kwamba ziko mkononi. Fedha zina hatua tatu: zilizoidhinishwa, zilizotolewa na hazina, na zilizotumika. Tofauti kati ya hatua hizo ndiyo huamua kama chanjo itakuwepo.

UNICEF hutaka malipo ya oda yatangulie. Baada ya hapo huja miezi ya kusubiri uzalishaji na usafirishaji. Nchi ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai, na hazina yake ikatoa fungu la kwanza Oktoba, haiwezi kutegemea shehena ya oda hiyo kabla ya mwaka unaofuata. Makataa ya ufadhili mwenza kwa nchi nyingi ni tarehe 31 Desemba, katikati ya mwaka wa fedha wa namna hiyo. Ili kuziba pengo, UNICEF ina mfuko maalumu ulioanzishwa mwaka 1991: hulipia oda kwanza, serikali hurejesha baadaye. Huo ni mkopo wa muda mfupi tu. Nchi isiyorejesha hujifungia mlango wa mara inayofuata.

Chanjo hununuliwa kwa dola, bajeti huandikwa kwa fedha za nchi. Dola ikipanda asilimia 10 kati ya kuidhinisha na kulipa, kiasi kilekile hununua dozi pungufu kwa karibu asilimia 9. Anayepanga vizuri huweka tahadhari ya mabadiliko hayo ndani ya makadirio yake. Na shehena ikishatua, zinahitajika fedha za ushuru na za wakala wa forodha, na gari la baridi la kuipokea. Ni kiasi kidogo, lakini kisipokuwepo siku hiyo, makasha yanakaa uwanja wa ndege huku barafu ikiyeyuka.

Kilomita za mwisho

Chukua zahanati moja yenye vijiji vinne vya mbali. Kila kijiji hupelekewa huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu walipo, mara moja kwa mwezi, safari 12 kwa robo mwaka. Kila safari inahitaji pikipiki, lita mbili za mafuta, posho ya muuguzi na ya mhudumu wa jamii aliyewajulisha akina mama, na kasha la kubebea chanjo lenye vipande vya barafu. Kwa kila safari gharama ni ndogo. Sasa fedha za robo zinachelewa na kuingia mwezi wa tatu. Safari nne zinafanyika, nane hazikufanyika. Mtoto aliyetimiza wiki 6 robo inapoanza anaipata penta ya kwanza akiwa na wiki 14, umri ambao alipaswa kuwa anapokea ya tatu.

Uchungu zaidi uko kwenye vitabu. Fedha za safari nane zilizobaki zinasomeka kuwa "hazikutumika", zinarudi hazina mwaka unapofungwa, na bajeti ijayo inapunguzwa kwa hoja kwamba zahanati haizihitaji. Kijiji kilichokosa kliniki kinaadhibiwa kwa kuikosa. Masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtumishi, ya safari ya kwanza yasiporejeshewa hesabu kwa sababu risiti ya mafuta haikupatikana, na ya pili hayatoki.

Mshahara wa muuguzi kwa kawaida ni sehemu kubwa ya gharama ya utoaji, lakini hauonekani kwenye bajeti ya chanjo kwa sababu unalipwa kutoka fungu la watumishi. Ndiyo maana takwimu za "gharama ya kumchanja mtoto mmoja" hutofautiana sana: nyingine zimejumlisha mishahara, nyingine zimehesabu nyongeza tu. Kabla ya kulinganisha nchi mbili, uliza kwanza kilichomo ndani ya namba hiyo.

Halafu kuna friji. Mfadhili hununua friji ya sola, inafungwa, picha inapigwa. Fundi, vipuri na safari ya kwenda kuikagua havina kasma, yaani mstari wake kwenye bajeti. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na watu huogopa joto zaidi. Baridi kali nayo huharibu: penta, pepopunda, homa ya ini B na HPV (kinga ya saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda hupoteza nguvu. Alama ya joto iliyobandikwa kwenye kichupa haitalionesha hilo, maana hupima joto peke yake. Muuguzi aliyetoa barafu kwenye jokofu na kuiweka kwenye kasha papo hapo, bila kusubiri hadi aitikise na kusikia maji ndani, anaweza kugandisha dozi zote za siku hiyo. Hakuna mstari wa bajeti utakaoonesha hasara hiyo. Mafunzo ya kuizuia ni ya bei nafuu kuliko dozi zenyewe, ila yako kwenye fungu la uendeshaji, ambalo hukatwa mwanzo.

Kuisoma bajeti ya chanjo

Ukipewa bajeti ya chanjo ya wilaya au ya taifa, usianzie kwenye jumla. Tafuta kwanza kama chanjo zina kasma yake au zimefichwa ndani ya "dawa na vifaa tiba", ambako hugombania fedha na kila kitu kingine. Kisha linganisha fedha zilizotolewa na zilizoidhinishwa kwa miaka mitatu iliyopita, robo kwa robo, uone zilikuwa zikifika mwezi gani. Tazama kiwango cha upotevu kilichowekwa kwa surua. Kikiwa asilimia 10 kwa vichupa vya dozi 10, makadirio hayo hayakuandikwa na mtu wa kliniki. Angalia mabomba ya sindano: yahesabiwe kwa sindano zitakazochomwa, si kwa dozi zilizonunuliwa, pamoja na bomba moja la kuchanganyia kwa kila kichupa cha unga na kisanduku kimoja cha lita 5 kwa kila mabomba kama 100. Mwisho tafuta mafuta ya pikipiki, na uyagawanye kwa idadi ya safari za mkoba zilizoandikwa kwenye mpango wa kazi. Jibu likiwa chini ya lita zinazohitajika kufika kijiji cha mbali zaidi na kurudi, umeshajua ni watoto gani hawatachanjwa mwaka huo.