Swali la mbunge bungeni: yanayosemwa mtaani na yalivyo

"Majibu yalishaandikwa, kuuliza ni maigizo tu." Hili husikika kila Bunge linapokaa Dodoma, na nusu yake ni kweli. Swali la msingi hupelekwa mapema, na wataalamu wa wizara huliandalia jibu. Ndiyo maana asubuhi Naibu Waziri husimama na karatasi yake: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali kama ifuatavyo."

Kazi yenyewe iko kwenye maswali ya nyongeza. Tuseme mbunge kauliza ni lini Serikali itamalizia maboma ya zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, akajibiwa kwamba fedha zitatengwa kadiri zitakavyopatikana. Anaweza kusimama palepale: katika bajeti hii fungu lipo au halipo? Hapo waziri hupima kila neno. Lakini mbunge asiyejua boma liko kijiji gani, limeishia kwenye linta au limeshaezekwa, hana cha kubania. Mimi namlaumu huyo, siulaumu utaratibu. Na siku ya Alhamisi, kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, hata swali la kwanza haliletwi kwa maandishi.

Wengine hudhani kila jambo la tiba ni la Waziri wa Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo anayejibu ni TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Wizara ya Afya inabeba sera, hospitali za rufaa za mikoa na Bohari ya Dawa, yaani MSD. Zahanati ikikosa nesi na dawa kwa wakati mmoja, hayo ni maswali mawili kwa wizara mbili.

Kuna pia wanaosema mbunge wa chama tawala akiibana Serikali anakisaliti chama. Ibara ya 63 ya Katiba inalikabidhi Bunge lote kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na inamruhusu mbunge kumuuliza waziri yeyote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Haitaji chama.

Dhana inayoumiza zaidi ni hii: "Mbunge kashasema, hela inakuja." Jibu la waziri si fungu la fedha. Mbunge mwenyewe hana uwezo wa kuamuru hela itoke Hazina. Mapendekezo ya kodi na matumizi huletwa na Serikali, kwa Ibara ya 99. Bajeti hujadiliwa kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ahadi iliyotolewa Novemba itafutwe kwenye vitabu vya bajeti ya mwaka unaofuata. Isipokuwemo, bado ni maneno. Ikiwemo lakini boma likabaki magugu, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukagua hesabu, na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, huwaita watendaji wa halmashauri wajieleze.

Mwananchi naye hayuko nje. Kila neno la waziri huingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, nayo hupatikana kwenye tovuti ya Bunge. Chapisha ukurasa huo, uende nao kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Diwani akiwekewa mezani jibu lenye tarehe, itambidi akaulize kwenye baraza la madiwani fungu limeingizwa wapi.